Mkono Haukuwa na Kosa

Mnofu alikuwa akifunga vifungo vya shati kwa mkono wa kulia, na mkono wake wa kushoto ulikuwa ukimfuata nyuma ukivifungua.

Mke wake ndiye aliyeona kwanza. Alikuwa jikoni, mtoto kiunoni, akisubiri maji ya chai yachemke. Akamwona mumewe pale mlangoni akihangaika na shati kama mtoto wa chekechea. Kifungo cha juu kinafungwa, kinafunguliwa. Cha pili kinafungwa, kinafunguliwa. Mama akacheka, na mtoto naye akacheka bila kujua anachekea nini.

"Baba, leo unatoka au hutoki? Amua basi, shati limeshachoka."

Mnofu alicheka pia. Alikuwa mnene, mwepesi wa utani, mwenye bucha mbele ya nyumba yake mwenyewe. Jina hilo la Mnofu alipewa na wateja, kwa sababu hakuwa na tabia ya kuwajazia mifupa kwenye mizani. Akaunyanyua ule mkono akauonyesha kama mtu anayemshtaki mwanafunzi mtundu.

"Huyu hapa kaamka vibaya. Mwulizeni mwenyewe."

Ndipo mkono ukaacha vifungo. Ukapanda taratibu, wenyewe, ukapita kifuani, ukafika shingoni mwa Mnofu na kutulia pale, kidole gumba juu ya mshipa, kama unasikiliza. Jikoni kukanuka nywele zilizoungua, ingawa jiko lilikuwa mbali na kichwa cha mtu yeyote.

Hakuna aliyecheka tena.

*

Dada yake Mnofu aliishi chumba cha juu cha nyumba hiyohiyo, na alikuwa daktari wa mishipa ya fahamu. Nyumbani walimtania kuwa ni daktari wa kugonga magoti, maana mkoba wake haukuwa na vitu vya kutisha: kinyundo cha mpira, pini, pamba, tochi, na uma wa chuma unaotetemeka ukigongwa. Lakini kwa vitu hivyo vidogo aliweza kufanya jambo ambalo wengi huliona kama uchawi. Aliweza kusema ubaya uko wapi ndani ya mtu bila kumpasua.

Kazi yenyewe si ngumu kuielewa. Fikiria nyumba yenye taa nyingi, na waya zinazopita ndani ya kuta. Taa ya sebuleni ikizimika peke yake, huenda balbu imeungua. Zikizimika taa zote za upande mmoja, huna haja ya kuhangaika na balbu. Nenda kwenye waya unaozilisha zote. Daktari alifanya hivyohivyo. Alitazama kipi kimezimika na kipi bado kinawaka, kisha akaufuata waya nyuma, nyuma, mpaka mahali pamoja palipoweza kueleza yote.

Akamkalisha mdogo wake kwenye meza ya jikoni.

"Funga macho."

"Unataka kunibusu?"

"Funga macho, Mnofu."

Akamwekea ufunguo kwenye kiganja cha kushoto. Mnofu akaupapasa, akaugeuza, akakunja uso. "Sijui. Kitu. Kitu baridi."

Akauhamishia kulia. "Ufunguo wa bucha, dada. Kwani umeniona mjinga?"

Daktari akachukua pamba, akamgusa mikono yote miwili kwa wakati mmoja. "Nimegusa wapi?"

"Kulia."

Akagusa tena miwili. "Na sasa?"

"Kulia."

Akaandika kichwani mwake: upande wa kushoto unahisi ukiguswa peke yake, lakini ukishindanishwa na wa kulia, unapotea. Mkono hauna kosa. Misuli ina nguvu, ngozi ni nzima. Ubaya uko juu, kichwani, nyuma kidogo ya sikio la kulia, kwa sababu nusu ya kulia ya ubongo ndiyo inayotawala mkono wa kushoto, na ya kushoto inatawala wa kulia. Aliiweka pamba mezani aweze kuwaeleza.

"Sasa umegusa kushoto," alisema Mnofu, macho bado yamefungwa.

Daktari alikuwa amekaa mbali naye, mikono yake mapajani.

"Umenishika vidole," alisema Mnofu. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Dada, niachie. Unavivuta."

*

Alimpeleka kupigwa picha ya kichwa. Mkubwa wa chumba cha picha, mtu wa maneno mengi, aliitazama mara ya kwanza, akaitazama tena, akamrudishia Daktari. "Kichwa cha mdogo wako ni kizima kuliko changu. Mwambie aache kuamka mapema."

Kwa hiyo Daktari alikuwa na mahali, lakini mahali penyewe hapakuwa na kitu.

Alikuwa bado akiitazama picha hiyo ngazini, mchana kweupe, alipomsikia mtoto akilia kwa namna ambayo hakuwahi kuisikia. Alishuka mbio. Mke wa Mnofu alikuwa amebanwa ukutani jikoni, miguu yake haigusi sakafu vizuri, na mkono wa kushoto wa mumewe ulikuwa umemkaba koo. Mnofu mwenyewe alikuwa akilia. Alikuwa ameung'ang'ania ule mkono kwa mkono wake wa kulia, anauvuta kwa uzito wake wote, akimwomba mkewe msamaha kwa sauti ya mtu aliyetandikwa, na aliposhindwa kuuvuta aliinama akauuma, akauuma kweli, akachana nyama ya mgongo wa kiganja mpaka meno yake yakagonga mfupa na damu ikamtiririka kidevuni, na bado vidole havikulegea hata kidogo, na midomo ya mkewe ilikuwa imeanza kubadilika rangi.

Daktari akachukua mchi. Akapiga vile vidole pale ukutani, mara moja, mara mbili, akasikia vikivunjika kama vijiti vikavu, na hapo ndipo aliposhikwa na hofu ya kweli, kwa sababu vidole vilivyovunjika viliendelea kukaza. Mpaka alipopiga kifundo cha mkono kwa nguvu zake zote ndipo kiganja kilipofunguka, na wifi yake akadondoka sakafuni akivuta pumzi kwa sauti ya mlango wenye kutu.

Mkono haukurudi ubavuni. Ulijinyoosha, vidole vimepinda ovyo, ukaanza kumwelekea mtoto aliyekuwa mkekani.

Mnofu akaukalia. Akauweka chini ya paja lake akaukalia kwa uzito wake wote, huku ukijikunja na kukwaruza chini yake.

"Mtoeni mtoto," alisema. "Wifi yako na mtoto wakalale kwako juu, na mlango ufungwe. Dada, sikiliza. Litafute. Litafute kabla halijaua hawa wawili. Mimi nife, sawa, lakini si hawa."

*

Alimpima tena jioni ileile, mkono umefungwa bandeji na kamba. Na dalili zilikuwa zimehama.

Asubuhi ubaya ulikuwa nyuma ya sikio. Sasa kona ya kushoto ya mdomo ilikuwa imelegea na kiganja kimepata nguvu isiyo ya kawaida, yaani umesogea mbele. Daktari alijua magonjwa yanayokua, na yanayopungua, na yanayorudi. Hakujua ugonjwa unaohama kiti kama mtu anayetafuta mahali pazuri pa kukaa.

Akachukua kinyundo agonge goti la kushoto. Akakiinua. Kabla hakijashuka, mguu ukaruka.

Akangoja. Akainua tena, akakizuia hewani. Mguu ukaruka. Akabadilisha mkono, akainua kinyundo nyuma ya mgongo wake mwenyewe, mahali ambapo Mnofu hakuweza kukiona, na mguu ukaruka, ukaruka tena, ukaruka mara nyingi mfululizo kama mtu anayempigia mwenzake makofi ya kejeli, na kona ya mdomo iliyokuwa imelegea ikajivuta juu ikatabasamu, wakati upande wa pili wa uso wa mdogo wake ulikuwa ukilia.

"Liko wapi?" aliuliza Mnofu kwa mnong'ono.

"Kichwani. Upande wa kulia."

"Siyo mkononi?"

"Mkono hauna kosa. Mkono unatumwa tu."

Mnofu aliutazama mkono uliofungwa. Alikuwa mtu aliyefanya kazi moja tangu ujana wake, na kazi hiyo ilikuwa na jibu moja kwa kila nyama iliyoharibika. "Kichwa siwezi kukikata," alisema.

Daktari alidhani ni utani. Alifungua mkoba atafute dawa ya kumlaza. Aliposikia mlango wa bucha ukifunguliwa alikimbia, lakini alifika wakati shoka la mifupa limeshapanda. Mnofu alikuwa ameufungua mkono kamba na kuulaza juu ya gogo, na ule mkono ulijua. Ulikuwa ukijipinda na kukwaruza mbao, kucha zikibanduka, ukitafuta pa kushikilia. Aliupiga mara moja tu, safi, chini kidogo ya kiwiko. Alikuwa fundi wa kazi yake.

"Nimemaliza, dada," alisema, akaanguka juu ya maranda ya mbao. Mkono uliokatwa ulitambaa mpaka ukingo wa gogo, ukadondoka, ukatulia.

*

Hospitali walimshona, na mkono ulichomwa pamoja na taka za hospitali. Alirudi nyumbani amekonda, utani umemrudia. Aliwaambia wateja kwamba sasa anauza nusu bei. Mkewe alishuka na mtoto wakalala chini tena.

Halafu siku moja, wakiwa wanakunywa chai, mguu wa kushoto wa Mnofu uliinuka chini ya meza ukampiga mkewe tumboni kwa nguvu iliyompindua yeye pamoja na kiti. Mtoto aliyekuwa begani mwake alirushwa mpaka mlangoni. Mguu ukaendelea kukanyaga hewa, ukaburuta mwili mzima wa Mnofu sakafuni kuelekea pale mtoto alipolala, Mnofu akishika miguu ya meza, akishika kizingiti, akishika chochote, kucha zake za mkono wa pekee zikiacha michirizi.

Walimfunga kitandani kwa kamba za bucha. Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa nyumbani, ikaingia hata kwenye mkate.

"Wifi," alisema mke wa Mnofu, shingo yake bado ina alama za vidole. "Wewe umefanya kwa elimu yako, na mimi nakuheshimu. Lakini kesho namleta mganga. Ukitaka kukasirika, kasirika leo tumalizane."

"Sikasiriki," alisema Daktari. "Mlete."

Mganga alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani minene na goti bovu, aliyekuja na mkoba wa mkononi kama karani anayekwenda kazini. Alipoonyeshwa mgonjwa hakuogopa. Aliwasha ubani, akaufukiza kwenye kigutu cha mkono, kisha kwenye mguu, akausemesha mguu kwa ukali.

"Jina lako nani? Umetoka wapi? Nani kakutuma? Sema!"

Kimya. Aliuliza mpaka sauti ikamkauka. Aliposogea karibu, mguu ulikata kamba moja ukampiga usoni, miwani ikapasuka, na damu ya pua yake ikamwagikia ubani ukazimika.

Alikaa chini akijipangusa. "Nimetoa majini mengi," alisema, "yenye matusi, yenye kulia, yenye kudai nguo mpya. Hili halisemi. Na jini lisilosema halitoki. Ni lazima liape kwa mdomo wake kwamba linaondoka mwilini, na liseme linapitia wapi. Likitokea jichoni, mtu anabaki kipofu. Lisiloapa, utalifukuza huku linaingilia huku."

Daktari alikuwa akimsikiliza kwa makini kuliko alivyotarajia.

"Unausemesha mguu, mama. Mguu hauna kosa. Lenyewe limekaa hapa." Akaweka kidole juu ya sikio la kulia la Mnofu, na mguu ukatetemeka. "Na hapo lilipokaa hakuna maneno. Maneno ya mtu huyu yako upande wa kushoto wa kichwa. Hata likitaka kukujibu, halina ulimi."

Mganga aliinua uso. "Kati ya pande mbili kuna njia?"

"Kuna daraja, ndani, katikati."

"Basi nitalisukuma livuke. Wewe niambie limefika wapi, maana mimi nikisukuma sioni. Likivuka tu, ninalibana kwa kiapo."

"Likivuka litapata ulimi," alisema Daktari. "Litapata na mkono wa kulia."

Wote wawili walimtazama Mnofu, na mkono uliobaki, ule wa kulia, uliokuwa umebeba shoka maisha yake yote.

"Fungeni sana," alisema Mnofu. "Tena hilo fundo la kwanza ni la kufungia kuku. Zungusha mara mbili, dada. Hivyo."

*

Mganga aliwasha upya ubani, akausogeza kwenye tundu la pua la kulia la Mnofu, na kukibana kiganja chake mwenyewe pale juu ya sikio, mahali hasa alipoonyeshwa na Daktari. Kisha akaanza maneno yake, kwa sauti ya chini, bila kupumzika. Daktari alisimama ng'ambo ya kitanda na pini yake. Mke wa Mnofu aliegemea mlango kwa nje, mtoto kifuani, akisikiliza.

"Mguu wa kushoto umelainika," alisema Daktari. "Linaondoka. Mdomo umekaa sawa. Endelea."

Kamba za mguu zililegea. Macho ya Mnofu yakageuka yote mawili upande mmoja, yakakwama hapo, kisha yakageuka upande wa pili polepole, kama kitu kizito kinachoviringishwa ndani.

"Liko darajani."

Kisha mkono wa kulia ukafumbata ngumi.

"Limevuka."

Mnofu akafungua kinywa. Sauti ilikuwa yake, lakini ilikuwa ikipapasa, kama mgeni anayefungua makabati ya nyumba ya watu kuona nini kimewekwa wapi.

"Meza," ilisema. "Kamba. Ubani. Daktari." Ikatulia. "Mke." Ikatulia tena, na kilichofuata ilikisema taratibu, kwa ladha. "Mtoto."

"Jina lako nani?" alifoka mganga.

"Sikuwa na haja nalo. Hamkuniuliza nilipokuwa kimya, mliuliza nyama."

Kamba ya mkono wa kulia ikakatika, mafundo mawili yote, na kabla Daktari hajarudi nyuma mkono ulikuwa umemshika nywele, ukampigisha uso kwenye mbao za kitanda, ukamwinua ukampigisha tena, jino lake likavunjika, mdomo ukajaa damu, na ule mkono ukamvuta mpaka uso wake ukagusana na uso wa mdogo wake, akayaona macho ya mdogo wake yakimtazama kutoka ndani yakiwa yamejaa haya na hofu, huku kinywa kilekile kikimcheka, na pumzi iliyotoka humo ilikuwa ya nywele zilizoungua, ya moto, kama mtu aliyefungua mlango wa tanuri, na mganga hakuacha, alipanda kitandani na goti lake bovu akamkalia Mnofu kifuani, akaubana ubani puani mpaka makaa yakaunguza ngozi, akipiga kelele kwamba litaapa, litaapa sasa hivi, au atalichoma hapohapo lilipo.

Kilikuwa kilio kimoja kirefu. Kisha kinywa kikasema, kimechoka:

"Naapa. Ninaondoka katika mwili wake. Sitakaa tena katika mwili wake."

"Unapitia wapi?"

"Mkono wa kushoto."

Mganga alishusha pumzi. "Si jicho. Afadhali. Pita basi, na daktari anakutazama."

Mkono wa kulia ukafunguka. Daktari alitema jino, akaokota pini kwenye shuka. Akamchoma Mnofu shavuni, hakuhisi. Akangoja; akahisi. Akachoma shingoni: hahisi, halafu anahisi. Ganzi ilikuwa ikishuka kama kivuli cha ndege kinavyopita uwanjani, bega, juu ya mkono, kiwiko, na yeye akaifuata na pini yake hatua kwa hatua, akisema kwa sauti kila mahali ilipofika, mpaka kwenye kigutu. Pale nyuzi za mshono zikatatuka zote. Damu iliruka ukutani, upepo wa moto ukapita chumbani, kioo cha dirisha kikapasuka kuelekea nje.

Kukawa kimya.

"Dada," alisema Mnofu kwa sauti yake, dhaifu. "Huyu mama ananiua kwa uzito."

*

Daktari alimpima kwa muda mrefu, na alimpima tena kila alipopata nafasi. Macho, uso, ulimi. Miguu iliruka baada ya kinyundo, kama inavyotakiwa. Ufunguo hakuweza kumpa kushoto, lakini alimgusa mabega yote mawili kwa pamoja, Mnofu akasema, "Yote mawili," na Daktari akaenda jikoni kulia mahali asipoonekana. Kigutu kilishonwa upya, kikapona. Harufu iliisha. Mke wa Mnofu alipeleka nguo ya shukrani kwa mganga pamoja na miwani mipya.

Alasiri moja walikuwa wamekaa barazani, Daktari na mdogo wake. Mkewe alikuwa uani akianika nguo, mtoto amelala ndani. Jua lilikuwa bado kali.

"Mkono unaniwasha," alisema Mnofu.

"Upi?"

"Ule usiokuwepo. Jana ulianza. Nahisi vidole vyote, mpaka vile ulivyovunja. Usinicheke."

"Sikucheki. Wengi wanaokatwa hupata hivyo." Akamweleza kwa upole. "Mwanafunzi akihama shule, kiti chake kinabaki darasani. Mkono umekwenda, lakini kiti chake kichwani bado kipo, na mwalimu akiita jina, kiti kinajibu. Ni kawaida. Utapungua."

Mnofu alitikisa kichwa kukubali. Lakini hakutulia. Alikuwa akitazama hewa tupu chini ya kigutu chake.

"Na kama umeshika kitu, hiyo nayo kawaida?"

"Umeshika nini?"

"Laini. Cha moto moto." Alifikiri. "Kinapiga. Kama moyo, dada. Kiko ndani ya kiganja na kinapiga."

Daktari alisogea karibu naye. Akajilazimisha kusema taratibu, kama anavyosema na mgonjwa yeyote. "Nigongee. Gonga mezani kwa mkono wako mzima, hivyohivyo kinavyopiga."

Mnofu akagonga kwa kidole. Daktari akaweka vidole viwili shingoni mwake mwenyewe. Mapigo hayo hayakuwa yake; yake yalikuwa ya polepole. Akamwita wifi yake aje upesi, akamshika shingo, wifi akibaki na nguo mbichi begani, macho yamemtoka. Hayakuwa yake pia.

Kidole cha Mnofu kiliendelea kugonga, haraka, haraka sana, haraka kuliko moyo wa mtu mzima yeyote.

Mama ndiye aliyeelewa kwanza. Aliangusha nguo akakimbilia ndani, Daktari nyuma yake. Mtoto alikuwa kitandani, macho wazi, kinywa wazi, halii. Hapakuwa na mtu chumbani. Shingoni mwake, juu ya ngozi laini, mashimo matano yalikuwa yamebonyea, moja upande mmoja na manne upande wa pili, yakizidi kuzama. Mama alipapasa, akakwaruza, akijaribu kubandua kitu, na vidole vyake vilipita hewani.

"Fungua!" alipiga kelele Daktari kuelekea barazani. "Mnofu, fungua mkono!"

"Siwezi!" Alikuwa amefika mlangoni, kigutu amekinyoosha mbele, uso wote umelowa. "Si mimi ninayeshika! Liko wapi, dada? Niambie liko wapi, nikate!"

Daktari alikuwa ameshika kinyundo. Hakujua amekitoa saa ngapi. Alisimama katikati ya chumba amekiinua, akitazama kichwa cha mdogo wake, na shingo ya mtoto, na hewa iliyokuwa kati yao, ambako kile kiapo cha kutokaa mwilini hakikufika, na hakujua pa kugonga.

"Linakaza," alisema Mnofu.